Kompyuta Haina Lumbesa

Nitasema hii kitu wazi, na kama utakasirika, kasirika ukishamaliza kusoma. Mwisho wa 2024 nchi nzima ilifanyishwa hesabu ya biti 24 kwa vidole, na huku kwetu hakuna mtu alitukalisha chini akatuambia ni hesabu gani. Tuliambiwa tu "update". Tukabonyeza. Tukanyamaza. Na huko kunyamaza ndiko kunaniuma kuliko zile nambari zenyewe.

Wacha nianze na dana yangu.

Novemba 2024, hapa Kosele, dana ananunua stima ya mia. Amezoea: unalipa kwa simu, unaletewa nambari 20, unazibonyeza, mita inalia, taa inarudi. Safari hii meseji imekuja na mistari mitatu. Nambari 60. Dana, kama mtu yeyote mwenye akili timamu, akachukua ule mstari anaoujua, wa stima yake, akaubonyeza. Mita ikakataa. Akarudia polepole. Ikakataa tena. Akalala giza.

Kesho yake sokoni akapata fundi (simtaji, na hata jina lake silijui) akamwambia mita imekufa, lakini kwa mia tano anaweza kuifufua. Mia tano! Kwa stima ya mia! Bahati nzuri dana ni mgumu kutoa pesa kuliko mita kutoa stima. Akaningoja. Nilipofika nikabonyeza mstari wa kwanza, wa pili, halafu ule wa tatu. Dakika tatu. Taa ikawaka.

Dana akaniuliza swali moja tu: "Nyakwara, kwani ilikuwa inataka nini?"

Nikamjibu, "Ni update tu, dana."

Manze, hilo jibu limenikaa kooni hadi leo. Kwa sababu halikuwa jibu. Ni kitu unamwambia mtu ukitaka anyamaze. Na mimi ndiye yule msee kila mtu hapa mtaani anamwita "wa kompyuta". Kama mimi namjibu hivyo dana yangu, basi dana wa nani ataelezwa?

Kwa hivyo leo najibu vizuri. Na jibu linaanza na kitu ambacho shuleni tulikariri mstari mmoja, tukaandika kwa mtihani, tukasahau: urefu wa neno.

Kwa kompyuta, neno si lile la mdomo. Neno ni kile kiasi cha biti ambacho prosesa inashika mara moja, kama mtu anavyoshika mzigo mmoja kwa mikono miwili. Prosesa ya biti 8 inashika biti 8. Ya biti 32 inashika 32. Ya biti 64, 64. Hadi hapo ni kukariri. Sasa wacha nikupeleke shambani.

Kama umekulia upande huu wa Kabondo Kasipul, unajua gunia la viazi vitamu. Na kama unalijua gunia, unaijua lumbesa. Mnunuzi anakuja na lori na magunia yake mwenyewe. Gunia likijaa, halijajaa. Anashonea kamba juu, anaongeza, anaongeza, mpaka gunia linaota kilima. Halafu bei? Ya gunia moja. Miaka nenda miaka rudi mkulima analia na lumbesa, na kilio chake ni kimoja: yule aliyechagua ukubwa wa gunia si yule aliyelima.

Sasa shika hilo wazo. Neno la kompyuta ni gunia. Tofauti ni moja tu: kompyuta haina lumbesa. Huwezi kushonea kamba juu. Gunia la biti 8 linaingia hesabu kutoka 0 hadi 255. Ukiongeza moja juu ya 255, hupati 256. Unapata 0. Haikwambii pole, haikwambii gunia limejaa. Inarudi sifuri tu, kama ile saa ya kilomita ya matatu mzee ikifika 999999 halafu inajifanya gari mpya. Gunia la biti 16 linafika 65,535. La biti 24 linafika 16,777,215. La biti 32 linafika 4,294,967,295. Kila biti unayoongeza inafanya gunia kuwa mara mbili, lakini gunia lolote lina mdomo, na mdomo ukifika umefika.

Na nani alichagua ukubwa wa gunia? Hapo ndipo walimu wetu walituruka. Walitufundisha kama ni maumbile, ati 8, 16, 32, 64, kama vile mwezi una siku 30. Uongo. Ni watu walikaa kwa meza wakaamua, kila mtu na shida zake. IBM 704, mashine ya 1954, ilikuwa na neno la biti 36. PDP-8 ya 1965 ilikuwa na biti 12, kwa sababu walitaka mashine ya bei rahisi. CDC 6600 ya 1964, iliyokuwa na kasi kuliko zote za wakati wake, ilikuwa na biti 60. Wengi waligawanya neno kwa herufi za biti 6, na biti 6 zinakupa alama 64 pekee. Hesabu mwenyewe: herufi kubwa 26, tarakimu 10, umebakiwa na 28. Ukiweka herufi ndogo, unabakiwa na nafasi mbili tu za alama zingine zote. Ndio maana karatasi za mashine za zamani zilikuwa zinakupigia kelele kwa herufi kubwa. Haikuwa hasira, ni gunia dogo.

Halafu Aprili 1964 IBM ikatangaza System/360, yenye baiti ya biti 8 na neno la biti 32, na kwa sababu IBM ilikuwa mnunuzi mwenye lori kubwa kuliko wote, soko polepole likafuata magunia yake. Hiyo 8, 16, 32, 64 unayoiona leo kama sheria ya Mungu ni uamuzi wa kampuni moja uliokubalika kwa sababu kampuni ilikuwa kubwa. Na ukitaka kuona jinsi uamuzi unavyoganda, fungua maelezo ya prosesa za Intel za leo. Intel ilitoa 8086 mwaka 1978, ikiwa na neno la biti 16. Sai laptopu yako ni ya biti 64, lakini kwa vitabu vya Intel "neno" bado linamaanisha biti 16. Prosesa imekua mara nne, jina limebaki na nguo za utotoni.

Na sisi huku? Magunia yalitufikia yakiwa yameshashonwa. Mwaka 1965 Hazina ya Tanzania iliweka kompyuta ya kwanza ya nchi hiyo, ICT 1500, mashine ya herufi za biti 6. Baadaye ikaja ya familia ya ICL 1900, ambayo neno lake lilikuwa la biti 24. Mambo hayakwenda, na 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini kabisa. Sisemi biti ndizo zilileta marufuku. Shida zilikuwa za watu, za pesa na za mipango. Ninachosema ni kwamba kutoka siku ya kwanza, tulikuwa watu wa kupokea kipimo, si watu wa kuuliza kilipimwaje. Na tabia hiyo ndiyo imefika hadi kwa mita ya dana.

Turudi kwa mita basi.

Zile nambari 20 unazobonyeza si nambari za bahati nasibu. Zinafuata kiwango kinachoitwa STS, kilichozaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nambari 20 ni hesabu moja kubwa ya biti 66. Biti 2 zinasema ni tokeni ya aina gani. Biti 64 zilizobaki zimefungwa kwa siri, na ndani yake, ukizifungua, kuna vyumba: biti 4 za kueleza zaidi aina ya tokeni, biti 4 za kubahatisha, biti 16 za kiasi cha stima, biti 16 za kuhakikisha hujakosea kubonyeza. Na biti 24 za saa.

Biti 24 za saa. Kila tokeni ina muhuri wa dakika iliyotengenezwa, zikihesabiwa kutoka tarehe 1 Januari 1993. Muhuri huo ndio unazuia mjanja kubonyeza tokeni moja mara kumi. Mita inakumbuka mihuri ya karibuni. Ikikutana na muhuri uliotumika ama uliopitwa na wakati, inakataa.

Sasa chukua kalkuleta ya simu yako. Biti 24 ni dakika 16,777,216. Gawa kwa 60, gawa kwa 24, utapata siku 11,650 na kitu. Hesabu kutoka 1 Januari 1993. Unatua tarehe 24 Novemba 2024.

Hiyo ndiyo siku gunia lilijaa. Kutoka dakika hiyo saa inarudi sifuri, na kwa macho ya mita, tokeni uliyonunua jana inaonekana ni ya 1993. Imezeeka kuliko wewe. Inakataliwa. Si Kenya pekee; nchi zote zenye mita za STS ziliingia kwa shimo hilo siku hiyohiyo. Kenya Power wakaita kampeni yao "Update Token Meter Yako".

Na kwa nini mistari miwili ya ziada, si mmoja? Hapa ndipo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Ili kuanza hesabu upya, mita inahitaji ufunguo mpya wa siri, la sivyo tokeni za zamani zingefufuka. Kwa mita nyingi ufunguo huo una biti 64. Lakini tokeni moja, ukitoa vile vyumba vingine, haina nafasi ya biti 64. Kwa hivyo wakaukata vipande viwili vya biti 32, kila kipande kikapanda tokeni yake, kama watu wawili wanaogawana godoro kwa boda mbili. Nambari 20 za kwanza ni nusu ya ufunguo. Nambari 20 za pili ni nusu nyingine. Za tatu ndizo stima yako. Mita ya dana haikuwa imekufa, ilikuwa inangoja nusu mbili za ufunguo na yeye amebeba stima peke yake.

Umeona? Aya chache tu. Hakuna uchawi, hakuna mia tano ya fundi. Mtu wa kidato cha pili anaielewa. Hiyo ndiyo inaniudhi! Haikuwa ngumu kueleza. Lilikuwa tu jambo ambalo kila mtu aliamua wewe na mimi hatulihitaji.

Najua mabingwa watanijia: "Sasa ulitaka wale mainjinia wafanye nini?" Swali zuri, na sitalikwepa. Wangeweka biti 32 badala ya 24, saa ingedumu zaidi ya miaka 8,000. Lakini biti 8 zaidi zingefanya tokeni iwe biti 74, na hesabu ya biti 74 inahitaji nambari 23, si 20. Yaani kila ukinunua stima, kwa miaka yote 31, ungebonyeza nambari tatu zaidi, usiku, kwa tochi, mtoto akilia. Mimi nikiwa pale kwa meza mwanzoni mwa miaka ya tisini, huenda ningechagua 24 vilevile. Ilikuwa biashara ya haki: bonyeza kidogo leo, utabonyeza nyingi siku moja mbali sana.

Tatizo ni kwamba biashara ya haki ina pande mbili zinazojua bei. Dana hakujua. Mita ilipofungwa ukutani kwake, hakuna aliyemwambia, "Mama, hii saa itaisha Novemba 2024." Pakiti ya unga ina tarehe ya mwisho. Maziwa ya mia yana tarehe ya mwisho. Hata soda. Mita ilikuwa na tarehe ya mwisho inayojulikana kwa dakika, tangu siku kiwango kilipoandikwa, na haikuandikwa popote ambapo mwenye nyumba angeisoma.

Linganisha na hii. Desemba 2014 YouTube walitangaza kwamba wimbo wa Gangnam Style umetazamwa mara nyingi kuliko kaunta yao ilivyotarajia. Kaunta ilikuwa ya biti 32, na biti moja ikienda kwa alama ya kutoa, unabaki na mwisho wa 2,147,483,647. Wakahamia biti 64, na sasa mwisho ni zaidi ya trilioni milioni tisa. Wewe ulifanya nini siku hiyo? Hakuna. Hukubonyeza chochote. Waliona gunia linajaa, wakabadilisha gunia usiku, asubuhi ukaamka ukacheza.

Najua mita haiko kwa intaneti, na mlango wake pekee ni vile vitufe. Naelewa. Lakini angalia nani alifanya kazi kila mara. Wimbo ukifurika, kampuni inafanya kazi. Nyumba ya dana ikifurika, dana anafanya kazi. Na hakuna wa kumlipa dana, na karibu alipe mia tano juu. Hiyo ndiyo lumbesa yenyewe. Kompyuta haina, lakini watu wanayo. Wanaishonea juu ya kichwa cha yule asiyejua kipimo.

Sasa usidhani hii ni stori ya wazee. Wewe kijana ndiye unalumbeswa vizuri zaidi, na unalipa ukicheka.

Mimi mwenyewe nililiwa. Nilinunua laptopu iliyotumika, muuzaji akaapa, "Buda, hii ni 64, si zile za 32, spidi mara mbili." Nikatoa pesa ya miezi. Nikafika nyumbani, nikafungua, RAM ni GB 2. Ikawa inafungua faili moja nikienda kuoga nikirudi. Neno refu haliongezi kasi mara mbili, msee. Kazi kubwa ya biti 64 ilikuwa kuvunja ukuta wa kumbukumbu: anwani ya biti 32 inafika baiti 4,294,967,296, yaani GB 4, na hapo ukuta. Kama laptopu ina GB 2, hata ukuta hujaukaribia. Mbaya zaidi, kila anwani sasa ina urefu mara mbili, kwa hivyo ile RAM kidogo inajaa haraka zaidi. Niliuziwa gunia kubwa kwa shamba ambalo halina viazi.

Na upande ule mwingine pia wanakukata. Apple ilifunga mlango kwa programu za biti 32 ilipotoa iOS 11 mwaka 2017. Google ikasema kutoka tarehe 1 Agosti 2019, programu zinazopelekwa kwa Play Store lazima ziwe na toleo la biti 64. Sawa, dunia inasonga. Lakini simu unayorithi kwa kaka, ambaye alirithi kwa mjomba, haikuharibika. Kioo kizima, betri inashika. Siku moja tu apu inasema "simu yako haikubaliki". Kuna sababu nyingi za hilo, na urefu wa neno ni mmoja wao. Je, muuzaji alikwambia? Muuzaji alikwambia kamera ina megapikseli ngapi.

Tena kuna uongo mwingine wa kitaalamu nataka kuuzika hapa. Watu wanasema, "Hiyo ni shida ya mashine za zamani, tukihamia 64 imeisha." Hapana! Prosesa ya biti 8 inaweza kuhesabu biti 64 vizuri kabisa. Inabeba kwa safari nane badala ya moja, kama unavyobeba mchanga kwa toroli. Na prosesa ya biti 64 inaweza kufurika kwa biti 32 kama mwandishi wa programu alichora chumba cha biti 32. Urefu wa neno unakushawishi, hauamui. Anayeamua ni mtu anayeandika, saa nane usiku, akitaka kulala.

Na mtu huyo siku hizi ni wewe. Nawajua wasee wanaoandikia chama programu ya michango. Fanya hesabu hii kabla hujalala leo. Ukiweka pesa kwa senti, ndani ya namba ya kawaida ya biti 32 yenye alama ya kutoa, mwisho wako ni senti 2,147,483,647. Hiyo ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Inaonekana nyingi? Kwa chama cha watu kumi ni nyingi. Kwa sacco ya soko zima ni msimu mmoja mzuri. Siku jumla inapita hapo, programu yako ama inagoma, ama inawaambia wanachama kwamba sacco ina deni la milioni 21. Utaeleza nini mbele ya wamama wenye hasira? "Ni update tu"?

Halafu kuna ile kubwa. Mashine nyingi duniani zinahesabu wakati kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Zile zilizoweka hesabu hiyo kwa biti 32 zina sekunde ya mwisho inayojulikana: tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu za Afrika Mashariki saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, zitaruka hadi tarehe 13 Desemba 1901. Mwezi uleule ambao reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, Port Florence, ambayo leo ni Kisumu. Mashine yako itaamini kwamba reli ndiyo inaingia.

Kazi ya kurekebisha inaendelea, na laptopu na simu mpya nyingi ziko sawa. Hata Linux tangu 2020 imeweka njia ya mashine za biti 32 kuhesabu wakati kwa biti 64. Sitaki kukutisha ati ndege zitaanguka. Ninaogopa vitu vidogo: kamera ya usalama dukani, ruta ya sai-ba, pampu ya maji, kifaa cha bei rahisi kilichofungwa ukutani na fundi ambaye ameshahama. Vitu ambavyo hakuna mtu anavipelekea programu mpya. Hivyo ndivyo vimejaa huku kwetu. Na mkopo wa miaka 15 ukichukuliwa leo, tayari unavuka hiyo tarehe. Wewe unayesoma ukiwa na miaka 18, 2038 wewe ndiye utakuwa na nyumba, na mita, na watoto wa kuuliza kwa nini.

Kwa hivyo nataka nini? Vitu vitatu tu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji pesa nyingi.

Kwanza, tarehe ya mwisho iandikwe. Kifaa chochote kinachofungwa nyumbani kwa mtu na kina saa ama kaunta, kiandikwe kwa nje: hesabu hii inafika hapa. Kama unga unaweza, mita inaweza. Kaunti ikinunua pampu, hospitali ikinunua mashine, swali liwe kwa karatasi ya zabuni: wakati unahesabiwa kwa biti ngapi?

Pili, tufundishwe kama watu, si kama kasuku. Mwalimu, usiniandikie ubaoni "urefu wa neno ni idadi ya biti ambazo prosesa inashughulikia kwa wakati mmoja" halafu ukafuta. Chukua tokeni ya stima, ile ya karatasi iliyotupwa nje ya duka. Nambari 20. Uliza darasa: kwa nini 20? Kipindi chote kitaisha na hakuna atakayelala.

Tatu, na hii ni yetu sisi tunaoitwa wa kompyuta: tuache kujibu "ni update tu". Hilo ni jibu la mtu asiyejua, ama la mtu anayejua na anaona wewe hustahili kujua. La pili ni baya zaidi. Kila tunapolisema, tunamwachia fundi wa mia tano mteja.

Wiki iliyopita nilirudi kwa dana nikamaliza deni langu. Nikamweleza na gunia. Biti sikuzitaja sana; nikasema waliotengeneza mita waliipa gunia la dakika, wakajua litajaa lini, likajaa, tukashona lingine. Akasikiliza mpaka mwisho akimenya viazi. Halafu akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa darasani:

"Na hili jipya linajaa lini?"

Jibu lipo. Hesabu mpya inaanzia 1 Januari 2014, kwa hivyo dakika 16,777,216 zinaisha tena tarehe 24 Novemba 2045. Akaniambia nichukue makaa niandike hiyo tarehe ukutani, kando ya mita, kubwa, ili atakayekuwa kwa hiyo nyumba asije akatoa mia tano.

Nimeandika. Nenda uandike na kwenu.